Foronya ya Dani

Juzi nilipolazwa hospitalini Migori, muuguzi mmoja, mtawa Mreno, alibadilisha foronya ya mto wangu akiitaja kwa lugha yao: "Fronha." Nikashtuka. Kwa mawazo nilirudi utotoni, kisiwani Mfangano, kwenye harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juani, alasiri ile nyanya yangu, Dani, alipokuwa akishona foronya kutoka mfuko wa kitambaa wa unga.

"Dani, nani aliita hii foronya?"

Alikata uzi kwa meno. "Si ni mimi nashona? Nani mwingine?"

Niliamini neno lenyewe amelibuni palepale. Nilimkodolea macho, nikiogopa hata kukohoa.

"Neno hilo lilikuja huku na meli zetu," mtawa alinieleza pale kitandani. "Ni la kale sana. Hata kwetu hakuna anayejua nani alilianzisha."

Nililaza shavu kwenye foronya. Mimi namjua.