Jani la Isale Lililongoja Tamasha

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka shati nililovaa: jekundu, kola pana kama masikio ya tembo, na chini yake suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu yote ya studio ya redio Dar es Salaam, hata nadhani mfagizi wao alipumzika siku hiyo. Tulikuwa vijana watatu kutoka Moshi. Mimi niliimba na kupiga gitaa la besi. Karim, ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri mjini, alipiga dramu. Gitaa kubwa, lile la kulia na kukwaruza, alilipiga Aminieli wa Mwika. Muziki wetu ulikuwa roki. Wazazi wetu waliuita makelele, na kwa haki yote, makelele yalikuwemo.

Wimbo wetu uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa treni. Aminieli aliutunga baada ya kumsindikiza dada yake stesheni. Katikati ya wimbo sauti ya mtu inanyamaza, gitaa peke yake linaigiza magurudumu, linaanza polepole, linakolea, linakolea, mpaka unajikuta unapapasa mfukoni kutafuta tiketi. Maneno yalikuwa yake, na lile gitaa la katikati halikuwezekana kwenye vidole vya mtu mwingine yeyote. Mimi nilijaribu. Nilitoa sauti ya baiskeli mbovu.

Sasa basi, tulipomaliza kurekodi, mtangazaji alituweka mbele ya kipaza sauti ili wasikilizaji watufahamu. Akauliza wimbo wa treni katunga nani. Nikasema, "Mimi."

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa mwimbaji, nilikuwa nimezoea kutazamwa, na neno likatoka kabla sijalifikiria. Ningeweza kulirudisha palepale, sikulirudisha. Aminieli alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Kwenye basi la kurudi alikaa siti ya mbele kabisa, na tulipofika Moshi akachukua gitaa lake, akatafuta gari la Mwika, bendi ikafa hapo. Baadaye nilisikia kwamba siku kipindi kiliporushwa, mama yake alikuwa amewaita majirani waje kumsikiliza mwanae. Wakasikia wimbo wake ukipewa jina langu.

Ilipita miaka arobaini na kitu. Huku mlimani huwezi kumkwepa mtu, misiba na harusi zitawakutanisha tu, kwa hiyo tulikutana. Tulisalimiana kama watu waliopanga foleni moja benki. Kila mara nilijiambia nitamwomba radhi, na kila mara nikaona pale siyo mahali pake.

Mwaka mmoja kabla ya korona, Karim akaja kwangu Soweto, hii ya hapa Moshi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko kilele cha Kibo, maana theluji ya Kibo siku hizi imepungua. Akasema turudi jukwaani wote watatu, tufanye ziara: tuanzie Moshi mjini, twende Uru, twende Mwika, tushuke Arusha, tumalizie Tanga. Kumbe alikuwa ameshazungumza na Aminieli, naye alikubali kwa sharti moja. Alimwambia, "Nitakuja kupiga. Sitakuja kuongea."

Tukawa tunafanyia mazoezi stoo ya Karim, katikati ya shokapu na mikanda ya feni. Aminieli alitimiza sharti lake barabara. Mimi niko naye mita moja, yeye anamgeukia Karim.

"Karim, mwambie mwimbaji ameingia mapema."

"Umeingia mapema," ananiambia Karim.

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia."

Hivyo hivyo kwa miezi, wazee watatu wenye miwani. Lakini ule wimbo wa treni ulipofika katikati na gitaa likaanza kubingirika, vipuri vyote kwenye rafu vilitetemeka, na mimi nilisahau umri wangu na dawa zangu za presha.

Hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la akili kupita yote niliyowahi kuwa nayo. Unalijua jani la isale, lile refu la ule mti wetu wa mipakani. Mchagga akimkosea mwenzake vibaya, humpelekea jani hilo, na aliyekosewa akiletewa hana njia ya kulikataa. Ni desturi nzito, haichezewi. Mimi nikapanga hivi: usiku wa kwanza wa ziara, Moshi mjini, kabla ya wimbo wa treni, nitasimamisha muziki, nitatoa isale ndani ya koti, nitampa Aminieli mbele ya umati wote. Nililia mwenyewe nikifikiria watu watakavyolia. Nikaotesha mche wa isale kwenye kopo la rangi nyuma ya nyumba, ili jani liwe bichi siku hiyo.

Mabango yakabandikwa. Wiki chache kabla ya kuanza, Karim akaenda Kanada kumwona binti yake kwa siku kumi na nne. Korona ikamkuta huko. Ndege zikasimama, mikusanyiko ikasimama, ziara ikasimama. Mabango yetu yalibaki ukutani mpaka jua likatufuta nyuso, na mimi nilitangulia kufutika.

Baada ya muda huku kwetu watu walirudi makazini na makanisani, ila Karim hakurudi. Safari za ndege zilipofunguka, wanawe wakamkatalia kusafiri kwa umri ule. Kila simu alisema mwezi ujao, na alikuwa anapiga dramu kwenye masufuria ya binti yake mpaka jirani akalalamika. Bila yeye hakuna ziara, na bila ziara, kwa hesabu zangu, hakuna jani.

Mke wangu alinitazama nikimwagilia lile kopo kila asubuhi. Siku moja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba Neema, kwani Aminieli naye yuko Kanada?"

Nikamweleza, na nilieleza vizuri. Nilimwambia nilimkosea mtu mbele ya nchi nzima, kwa hiyo lazima nimwombe radhi mbele ya watu, kumwendea kimyakimya ni kumpunja. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinidanganya muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Endelea kumwagilia."

Kutoka Soweto hadi Mwika ni mwendo wa asubuhi moja, unarudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Nilikaa mwaka mzima na miezi.

Kisha habari ikashuka kutoka mlimani. Aminieli alikuwa akipogoa kahawa, akaanguka. Kiharusi. Alipona, akaanza kutembea kwa fimbo, ila mkono wa kushoto haukurudi. Wewe kama hujapiga gitaa, nikueleze: mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Treni yote ilikuwa kwenye mkono huo.

Nilikata jani asubuhi ileile, na kwa kuwa desturi inataka uwe na mtu wa kukusindikiza, tukapanda na mke wangu. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda uani, pembeni mwa migomba, ng'ombe wake akitafuna majani nyuma yake. Maneno niliyoyatunga kwa ajili ya jukwaa yalikuwa marefu kama barabara ya Tanga. Sikukumbuka hata moja. Nilimwambia tu kwamba wimbo ulikuwa wake na mimi niliuiba, na mama yake aliaibika kwa sababu yangu. Nikanyoosha jani.

Akalipokea kwa mkono wa kulia, akaliweka mapajani. 

"Nimelipokea, Elifuraha," akasema. Tangu siku ya redio hakuwahi kuniita jina. "Limekwisha. Lakini nataka kukuuliza. Mwaka mzima nilikuwa napiga ule wimbo hapa kila jioni, nikimngoja Karim. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nangoja watu."

"Watu wa nini?"

"Wa kushuhudia."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyepotea njia ya kwake. "Niliyekosewa ni mimi, bwana. Mimi nilikuwepo."

Mkewe akatuletea mtori, ile supu yetu ya ndizi, tukanywa, tukaongea habari za bei ya kahawa.

Karim alirudi mwaka uliofuata. Ziara ya vituo vitano ikawa alasiri moja, uwanja wa shule huko Mwika, viti vya kuazima. Nilichukua kipaza sauti nikawaambia watu wimbo wa treni katunga Aminieli, na nilidanganya redioni. Walipiga makofi. Mama yake hakuwepo kuyasikia, alikuwa amezikwa miaka mingi. Tulipofika katikati ya wimbo, pale pa gitaa, Karim alipiga dramu peke yake, na wageni wakadhani ndivyo ulivyotungwa. Aminieli alikuwa kiti cha mbele. Baada ya hapo aliniambia besi yangu bado mbovu, na aliniambia mwenyewe, bila kumpitia Karim.

Siku hizi naenda kwake kila Jumamosi, tunabishana mpaka ng'ombe anageuza mgongo. Nimesamehewa kabisa, sina shaka. Lakini ule mwaka na miezi angeweza kupiga gitaa akiwa na rafiki pembeni, nami nilimnyima kwa sababu nilitaka kupendeza.

Mwanangu, mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa baba wa watoto watatu na mrefu kuliko mwalimu, kwa hiyo najua mambo mengi unaweza kuyachelewesha na bado ukayapata. Kumwomba mtu radhi usikuweke kwenye orodha hiyo. Ukimkosea mtu, nenda kwake, mkae wawili, useme ulichofanya kwa maneno mafupi. Kama ulimkosea hadharani, utakwenda kulisahihisha hadharani pia, lakini baadaye, akiwa ameshasikia kwako kwanza. Na ukijikuta unatafuta siku nzuri na mahali pazuri, jiulize unamtafutia yeye au unajitafutia makofi. Jibu utalijua, maana mimi nililijua.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri na miguu isiyosita mlangoni kwa watu. Akupe marafiki wanaokuambia umeingia mapema, na awatunzie wote mikono yao mpaka ufike kwao. Amina.