Teke la Gia Kwenye Mteremko

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alinirudishia gari kutoka Kibondo akasema gia boksi imekufa. Ni gari la otomatiki, na gia ikiingia, alisema, linapiga teke kama punda. Tukalipeleka kwa fundi mmoja hapa Kasulu ambaye watu wanamsifia kwa sababu hajawahi kusema hajui. Hakufungua boneti wala hakupima mafuta ya gia. Aliegemeza sikio kwenye dashibodi, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba gia boksi ishushwe na nyingine iagizwe Dar.

Nikamwambia aliendeshe kwanza. Kwenye mteremko akafanya kile ambacho madereva wa milima hii wanakiita ujanja: akaweka gia fri ili abane mafuta, gari likaporomoka lenyewe. Kule chini, likiwa bado mbioni, akarudisha D, gia ya kwenda mbele, kwa nguvu. Teke likaturusha mbele sote.

"Umeona, mzee?" akaniuliza.

"Ndivyo linavyonifanyia na mimi," akasema shemeji kutoka kiti cha nyuma, kwa fahari ya mtu aliyepata shahidi.

Nikashika usukani mwenyewe. Nikaiacha D mahali pake, nikaupanda na kuushuka mteremko uleule, na gari likaenda laini kabisa. Nikasubiri angalau mmoja wao aone aibu.

Fundi akashuka, akajifuta mikono isiyo na tone la mafuta, akasema ameshalirekebisha. Shemeji akamshukuru.