Mama Atapelekwa Chumba cha Wazee

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mimi nilifunga begi kuondoka kwenye nyumba ambayo hakuna aliyenifukuza.

Tena nililifunga kwa machozi.

Kisa ni maneno niliyoyasikia mlangoni kwa mkwe wangu, nikiwa nimempelekea kikombe cha chai. Alikuwa anaongea na simu.

"Mama simwezi tena. Anaongea kutwa nzima, ukimwambia anyamaze hasikii. Ijumaa wageni wakishaingia tu, namtoa, nampeleka chumba cha wazee. Akae huko na wenzake."

Chai ikanimwagikia vidoleni. Wala sikuhisi moto.

Ngoja niwaeleze tunavyoishi.

Huyu mkwe ni mke wa marehemu mwanangu. Hatuna damu moja. Aliyetuunganisha tulimzika, tukarudi nyumbani wawili, kila mmoja akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Yeye ni mtaalamu wa udongo. Dirishani kwake zimepangwa chupa za udongo, mwekundu, mweusi, wa kijivu, na ole wako upanguse vumbi ukabandua karatasi ya chupa hata moja!

Wataalamu wa udongo wana chama chao. Kila mwaka hukutana kwenye ukumbi wa hoteli, wanasomeana utafiti wao, wanakula, wanapiga picha. Mwaka huu wakaamua mkutano uwe wa mtandaoni. Ndiyo mara ya kwanza. Mzigo wote wakamtwika mkwe wangu, maana ndiye katibu wao.

Nyumba ikabadilika.

Nikaambiwa nizime redio, eti sauti inaingia kwenye majaribio ya mkutano. Nisiburute viti. Nisipite nyuma yake na ndoo.

Redio ndiyo ilikuwa mwenzangu, jamani.

Nikawa nashinda jikoni nasikiliza mlango uliofungwa. "Mnanisikia? Mnaniona? Anayenisikia anyooshe mkono." Anaongea na watu walioko ng'ambo ya bahari, na mimi niliye ukuta wa pili napata "shikamoo mama" asubuhi na "lala salama mama" usiku.

Siku moja nikajitegea kitendawili mwenyewe. Nyumba imejaa wageni, mlangoni hakuna hata kiatu kimoja.

Nani wa kuniambia "tega"? Nikajijibu: mkutano wa mkwe wangu.

Nikacheka. Kicheko cha mtu mmoja jikoni kinatisha, nawaambia.

Kwa hiyo niliposikia "anaongea kutwa nzima", sikuuliza anasemwa nani. Ni kweli naongea. Naongea na sufuria, naongea na ndoo. Nikajua nimemchosha mtoto wa watu. Bado kijana, ana kazi yake, kesho ataolewa. Anitunze mimi kwa mkataba gani?

Nikakunja nguo zangu. Picha ya mwanangu nikaitoa ukutani, nikaitazama, nikairudisha. Ni mumewe pia.

Ijumaa ikafika. Nikavaa vizuri, nikakaa ukingoni mwa kitanda, begi katikati ya miguu. Nasubiri gari la kunipeleka huko kwa wazee.

Gari halikuja. Nikamsikia mkwe wangu tu, sauti ya ukakamavu: "Karibuni nyote kwenye mkutano wetu wa kwanza wa mtandaoni..."

Mara akakatiza.

"Mama, tafadhali. Nyamaza kidogo."

Mimi? Nilikuwa sijafungua hata mdomo!

"Mama, nakuomba. Wageni wote wanakusikia."

Hapo roho ikanipanda. Ninyamaze mara ngapi? Nikabeba begi langu, nikasukuma mlango wa mkwe wangu.

Kwenye kioo cha kompyuta vilikuwa vichwa vya watu, kila kimoja kwenye kiboksi chake, vimepangana kama mayai kwenye trei.

"Mwanangu," nikasema, "usinitoe kwa aibu mbele za watu. Begi ninalo. Nionyeshe tu hicho chumba cha wazee kiko wapi, nitakwenda mwenyewe."

Vichwa vyote vikaganda. Nikadhani mtandao umekatika.

Kumbe wamepigwa na butwaa.

Kiboksi cha pembeni kabisa kilikuwa na bibi wa mvi, miwani imefungwa uzi. Akakohoa, akasema kwa sauti kubwa:

"Na wewe wanakutoa? Hata mimi wameniambia hivyohivyo! Nani huyo mwenzangu?"

Weee! Kicheko kilicholipuka mle, chupa za udongo zilitikisika.

Mkwe wangu akazima sauti upesi. Akanigeukia, uso umemwiva.

"Mama! Wewe?"

"Si ulisema mama humwezi?"

"Mama ni profesa! Ndiye aliyeanzisha chama, sote tunamwita Mama. Hazimi maiki yake, kila jaribio anatukoholea masikioni. Na hicho chumba cha wazee wa chama ni cha ndani ya kompyuta, hakina hata ukuta!"

"Ningejuaje? Humu ndani mama ni mimi."

Kama mnavyosema nyie vijana, niliishiwa pozi.

Yeye hakucheka. Alikuwa analitazama begi.

"Ulikuwa unaenda wapi kweli?"

"Sijui."

"Na mimi ungeniacha na nani? Na chupa?" Machozi yakamtoka. "Mimi nikikusikia unagombana na sufuria huko jikoni, ndiyo najua nyumba ina mtu."

Alikuwa hajawahi kuniambia. Na mimi nilikuwa sijawahi kuuliza.

Akajifuta, akafungua sauti. Mwenyekiti wa chama akasema, "Katibu, tumwache Mama palepale ukumbini. Akikohoa tutasubiri." Mkutano ukaendelea hadi jioni, watu wanasoma tafiti zao, Mama anakohoa, wanasubiri. Mimi nimekaa juu ya begi langu pembeni, nimeruhusiwa.

Mwisho vichwa vikaanza kuzimika. Kwaheri, kwaheri. Kikabaki kiboksi kimoja.

"Mama profesa, mkutano umekwisha," mkwe wangu akamwambia kwa upole. "Bonyeza pale penye rangi nyekundu, utoke."

"Napajua, binti yangu. Na maiki najua kuizima, tangu siku ya kwanza." Bibi akavua miwani. "Nikizima, huku kwangu hakusikiki kitu. Nikitoka hapa, niende wapi?"

Mkwe wangu akanitazama.

Nikavuta kiti cha mwanangu, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia. Nikakaa mbele ya kioo.

"Kitendawili," nikasema.

Miwani ikarudi usoni, bibi akasogea karibu.

"Tega."

Mpaka leo tunategeana, na redio yangu imerudi kuimba. Lile begi siku hizi nahifadhia vitambaa.

Wajukuu zangu, mkisikia mnasemwa nyuma ya mlango, gongeni muulize. Mimi nililia bure kwa maneno ya kumsema mtu mwingine.

Na mkimwona mzee hazimi maiki, msiwe wepesi wa kumfundisha. Pengine anajua kuizima kuliko nyinyi.