Uji wa Ulezi kwa Asiyeumwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa Malangali kwenda Mazwi, ndani ya mji huu huu, kwangu ni safari ya kuaga watu. Elimu yangu ni kidato cha nne, tena cha kupenya. Kwa hiyo mpwa wangu, anayesoma Kiarabu chuo kikuu, alipokuja likizo na kitabu chake, nilijiteua mwenyewe kuwa mkufunzi.

Tatizo lake si akili. Kuandika anaandika, ila akisoma mbele ya watu sauti inazama. Muhula uliopita alinong'ona mbele ya darasa mpaka mwalimu akamwambia akae. Akirudi atasoma tena, na safari hii ni mtihani.

"Mjomba, zile herufi za kooni zinanitia aibu," alisema. "Naonekana kama nakabwa."

"Kabwa basi. Hapa nani anakuona?"

Baridi ya Julai ilitusaidia. Ile ha nzito nilimwambia aitoe kama anavyohemea viganja asubuhi, mvuke uonekane. Ikatoka, nikajiona profesa. Ile nyingine inayobana koo sikuwa na mfano wake, tukawa tunaihangaikia uani, yeye akiitoa, mimi nikiiharibu.

Wiki haijaisha, jirani yetu, bibi mmoja wa ng'ambo ya ua, akabisha hodi na birika la uji wa ulezi. Kwetu mgonjwa haachwi hivi hivi. Tukampa shikamoo, naye akatupa pole, akauliza koo la binti limeanza lini. Nilitaka kueleza. Nikakumbuka mtihani, nikamwachia mwenyewe ajieleze, nikaangalia dari.

Mpwa wangu alinikata jicho. "Siumwi, bibi. Nasoma."

"Wagonjwa wote husema hivyo," alijibu bibi, akimimina.

Ikabidi athibitishe. Akasimama, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, koo wazi, hasira nyingi kuliko elimu. Bibi alisikiliza, kikombe mkononi. Mwishoni alikubali kwamba binti ni mzima, akaomba kile kipande cha mwisho kirudiwe. Kikarudiwa, safari hii kwa tabasamu.

Nikaona nisipitwe, nikajaribu neno moja.

"Kumbe mgonjwa ni huyu," bibi akasema, akanisogezea kikombe.

Baada ya mtihani mpwa wangu alinipigia simu. Alisoma mpaka mwisho, hakuna aliyemkalisha. Kisha akauliza, kwa upole wa kinafiki, kama koo langu limepona.