Chandarua cha Vifaranga

Mdogo wangu Alexander alikuwa na mdomo. Miaka na miaka katengeneza mashine za chai huko Njombe kwenye baridi, kastaafu, karudi kijijini kwetu Ijumbi na koti kubwa, majivuno, na kukoroma kusikovumilika. Ndugu zetu wengine wote tumeshawazika hapa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Tumebaki yeye na mimi. Nilifurahi mno aliporudi, ila sikumwambia, angevimba kichwa.

Nikampa chandarua kipya. Kesho yake nakikuta kimewafunika vifaranga wake, eti mwewe wasiwachukue.

"Alexander, una wazimu?"

"Dada, surua niliugua utotoni mara moja tu, haikunirudia. Malaria nimeugua hapa hadi nikachoka. Mwili wangu unaijua. Mbu wa Ijumbi wataniambia nini?"

Nikamwacha. Vifaranga wakalala kifalme.

Wiki chache baadaye mtu akaanza kutetemeka ndani ya koti lake. Mafua tu, anasema. Kufika alasiri ananiita mama, na mama alishakufa zamani. Mawe, mama wee! Majirani wakampakia kwenye bodaboda, mmoja akamshika kwa nyuma asidondoke, mimi nikafuata na nyingine nikilia na kumtukana kwa Kihaya njia nzima. Hospitali wakasema malaria kali. Wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu. Nikasali rozari. Sikutaka kubaki peke yangu, basi.

Akapona. Muuguzi Shamsa, binti wa Bukoba mjini asiyemwogopa mtu, akamkalisha.

"Babu, surua ni kirusi. Mwili ukikishinda mara moja, unakikumbuka maisha yote. Malaria ni kimelea, kinabadili mavazi kila mara. Kinga yake unaipata kwa kuugua tena na tena, na hata hiyo inapunguza makali tu. Ukihamia kusiko na mbu miaka mingi, inafifia. Kwa mbu wa Ijumbi wewe sasa ni mgeni, kama mzungu."

Mgeni! Mhaya wa Ijumbi! Nilicheka hadi wagonjwa wakageuka.

Alexander akajikunyata ndani ya koti lake. Kisha, kwa sauti ndogo: "Dada, kile chandarua bado kipo?"

Kilikuwepo. Siku tuliyorudi nikakitundika mwenyewe juu ya kitanda chake, bila kukifua, na mavi ya kuku yake yote. Akajilaza mchana ule, analalamikia harufu, ananiita mchawi, mpaka usingizi ukamchukua.

Nikavuta kigoda mlangoni, nikakaa kusikiliza anavyokoroma.