Mwalimu Rivasi Aingia Majini

Mwalimu wa udereva aliyeitwa Rivasi aliishi miaka mingi kwa kuwafokea watu waliorudisha gari nyuma kombo. Wimbo wake ulikuwa mmoja: usiamini kioo, geuza shingo. Wanafunzi wake waliuota. Wengine walimwigiza wakiwa nyuma yake, naye, kwa kuwa alikuwa akigeuka kila mara, aliwaona.

Kukaa kiti cha abiria na kujipinda kutwa kukamharibia mgongo. Daktari akamwambia aogelee, tena chali. Rivasi aliona hilo ni dogo: kurudi nyuma ndiyo kazi yake, tofauti ni kwamba huku hakuna gia. Akanunua kaptura ya heshima, inayofika magotini, maana kwao hawakulelewa kuonyesha watu mapaja, akajiandikisha katika bwawa lililo ndani ya jengo nyuma ya soko.

Siku ya kwanza alianzia kona moja ya bwawa akaishia kona ya upande wa pili. Mistari ya njia ilichorwa sakafuni tu, mmoja katikati ya kila njia; aogeleaye kifudifudi huiona, wa chali huipa kisogo. Njiani alimparaza mzee mmoja kwapani, akaomba radhi. Mzee akasema hakuumia, ila angependa kujua kama chombo kile kina breki.

Mambo yangeishia kwenye kicheko, lakini ikaja Jumamosi. Katika njia ya jirani alikuwamo karani mstaafu wa mahakama, mama mzazi wa kijana aliyemchumbia binti ya Rivasi. Wazazi wa pande mbili walikuwa hawajakaa pamoja bado. Rivasi aliwahi kumwona mara moja, akiwa na miwani na suti. Kwenye kofia ya mpira hakumtambua. Mkono wake ulizunguka kama feni, ukatua juu ya kofia ile, ukaondoka nayo.

Jioni binti alirudi amenuna. Mama mkwe wake mtarajiwa hakugomba, alieleza, amesema tu kwamba yule bwana asiyeweza kukaa katika njia yake anamtia wasiwasi, na kikao cha wazazi kisubiri kwanza.

"Baba, chagua," alisema. "Nyooka, au kaa nyumbani."

Rivasi akajibu kuwa katika ukoo wao hajapata kutokea mtu wa kufukuzwa bwawani. Mjomba aliyefukuzwa kwaya hakumtaja, wala si lazima atajwe hapa.

Asubuhi akameza kiburi, akamwendea mwalimu wa bwawa. Naye alikuwa nani kama si msichana ambaye Rivasi alimzuia kufanya mtihani wa leseni, kisa anarudi nyuma kama kaa. Msichana alifaidi. Alimwamuru aogelee, yeye akatembea ukingoni mikono mgongoni, akiguna. Rivasi aliitambua miguno ile. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Mwalimu, unatafuta nini huko nyuma?"

"Naangalia ninakokwenda."

"Ndiyo maana hufiki. Ukigeuza shingo, bega linazama, mwili unakata kona. Laza kichwa. Ile boriti ndefu ya paa, ifuate hiyo hiyo."

"Na nikigonga mtu?"

"Utakuwa umemgonga kwa unyoofu."

Shingo ilikataa. Ilijigeuza yenyewe, kama jirani aliyesikia ugomvi. Msichana akamwekea kikombe cha plastiki chenye maji kwenye paji la uso, akamwambia kisimwagike. Rivasi alijimwagia wiki nzima, mpaka shingo ikakubali kwamba imestaafu.

Jumamosi karani alikuwapo. Alimsalimia kwa mbali, "Bwana," akajisogeza kando kabisa. Rivasi akalala chali, akaishika boriti yake. Moyo ulimsihi atazame mama yule yuko wapi. Hakutazama. Mara akapigwa kofi la sikio.

Alikuwa karani. Naye aliogelea chali, na kwa hofu ya kugongwa tena alikuwa akigeuka kila mara kumchunga, bega likazama, mwili ukakata kona hadi katikati ya njia ya mwenzake. Wakasimama, maji kifuani. Mwalimu wa bwawa alinyoosha kidole sakafuni. Mstari mweusi ulikuwa katikati ya miguu ya Rivasi.

Karani aliutazama mstari, akalitazama paa, akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

"Niwie radhi, mkwe," alisema.

Hapo Rivasi angeweza kunyamaza kwa heshima, na jamaa zake wote wangependa iwe hivyo.

"Usijali, mkwe wangu," akasema. "Kosa ni kugeuza shingo."

Kisha, kwa furaha, akalala tena chali, akanyooka barabara mpaka mwisho wa bwawa, akapiga kisogo ukutani, maana hakuna aliyemfundisha mahali pa kusimama. Nundu hiyo alikwenda nayo kwenye kikao cha wazazi, na karani ndiye aliyewaeleza wageni ilivyopatikana, akisisitiza kwamba bwana huyu alikuwa katika njia yake.