Vidole vya Mama Waridi

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha saluni, mteja wa kwanza amelala kifudifudi. Pembeni yake kuna bakuli la sukari iliyochanganywa na mafuta ya nazi na maji ya waridi, na harufu yake imefika hadi mlangoni.

Mama Waridi, kama wateja wanavyomwita, siku hizi hasugui. Ameketi kwenye stuli, mikono imepakwa mafuta mazito na kulazwa mapajani, akimwelekeza kwa mdomo mwenzake anayesugua.

"Kisigino kaza. Ukipanda mgongoni, punguza mkono, shoga. Huyo ni mtu, si sufuria."

Mteja anacheka. Mama Waridi hacheki.

Kwa miaka kumi na tisa amesugua wateja sita kwa siku, wakitoka na ngozi nyororo. Kumbe sukari ileile ilikuwa ikimla ncha za vidole. Alijua siku alipokwenda kuomba pasipoti. Alibonyeza kidole kwenye mashine ya alama za vidole mara tatu, na mara zote ikamkataa.

"Karani akaniuliza, mama, alama zako umezipeleka wapi? Nikavigeuza vidole, nikavitazama."

Pasipoti ni ya kumfuata bintiye wa pekee, aliyeolewa ng'ambo. Huu ni mwezi wa nne binti anaumwa, hainuki kitandani, na kila akipiga simu swali ni moja: mama unakuja lini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kwa nini hakuvaa glovu?

"Nilivaa. Glovu haisikii ngozi imechoka wapi. Nikamchubua bibi harusi begani, zimebaki siku mbili aolewe. Akalia, nami nikalia. Sikuzivaa tena."

Daktari wa ngozi alimwambia alama huweza kurudi akipumzisha mikono. Leo ni siku ya ishirini na tatu hajagusa bakuli, na riziki yake ni kile anachokatiwa na mwenzake kwenye malipo ya wateja. Kila asubuhi huvikagua vidole dirishani. Michirizi imeanza kuonekana, myembamba sana.

Jumatatu atarudi kwenye mashine. Anaogopa, wala hafichi.

Na akifika kwa bintiye, atamsugua?

"Hapana. Ngozi ya mgonjwa haisuguliwi. Nitampaka mafuta tu, taratibu, mpaka alale. Mashine haikunijua, sawa. Yeye atanijua hata akiwa amefumba macho."